Cherehani ya Juki TL-2010Q baada ya mifarishi kumi na mmoja

Mfarishi wangu wa kwanza mkubwa ulinishinda katikati. Ulikuwa wa kitanda cha tano kwa sita, vipande vya vitenge nilivyovitunza kwenye gunia tangu nikiwa na kibanda mjini Nakuru. Sehemu ya juu niliiunganisha salama, nikatandika pamba, nikatandika bitana, nikabana tabaka zote tatu kwa pini za nepi, pini moja kila upana wa kiganja. Nikaketi kwenye cherehani niliyokuwa nayo, nikashusha meno yanayovuta kitambaa, nikaanza kudarizi tabaka hizo pamoja. Pembeni nilienda vizuri hata nikafurahi. Nilipokaribia katikati, nusu nzima ya mfarishi ilitakiwa ipite upande wa kulia wa sindano, chini ya mkono wa cherehani, mahali penye sentimita 16 tu. Niliukunja, nikausukuma, nao ukanisukuma. Mishono ikawa mifupi hapa na mirefu pale, na bega la kulia likaniuma wiki mbili. Jioni tatu mfululizo nilikuwa nikifumua ile sehemu ya katikati, karibu nilie.

Tangu wakati huo, mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kudarizi mfarishi nyumbani, mimi humuuliza kwanza kitanda chake kina ukubwa gani.

Nimeshona sare za shule kwa miaka 19. Mabega yaliponilazimisha kupunguza, nilifunga kibanda nikaja kukaa nyumbani, Lanet, nikishona mifarishi ya oda. Wateja ninaletewa na baridi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai hapa kwetu blanketi moja halitoshi. Wengi huita ninachoshona blanketi la viraka, na sina ubishi nao. Ni tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Kudarizi ndiko kunakoshika tabaka hizo pamoja ili pamba isihame ukifua, na ndiko kunakoupa mfarishi sura yake, yale mawimbi na maua unayoyahisi ukipitisha mkono.

Kudarizi kwenyewe si jambo geni kwetu hata kidogo. Umewaona wale mafundi wanaoandika majina na nembo kwenye sweta za shule? Meno ya cherehani yameshushwa, hayavuti kitambaa. Sweta imebanwa kwenye duara, na fundi anaizungusha kwa mikono miwili chini ya sindano inayopanda na kushuka mahali pamoja. Kalamu imesimama, karatasi ndiyo inayotembea. Kibandani nilikuwa na jirani wa kazi hiyo, mzee mtaratibu kutoka Vihiga. Nilimwomba anionyeshe, akanipa kipande cha turubai na kuniambia, "Mama, andika jina lako mara mia. Na usiitazame sindano, tazama pale unapokwenda." Yale maneno ya pili nayatumia mpaka leo. Ukiikodolea sindano, mkono hukatakata njia. Ukitazama kidole kimoja mbele yake, mkono huifuata njia bila kusitasita.

Tofauti ni kwamba yeye alishika sweta, mimi nashika kitu chenye upana wa mita mbili na uzito wa mtoto mchanga. Hapo ndipo mashine inapoleta tofauti.

Nilianza na kosa ambalo naomba usilirudie. Niliingia duka moja mjini nikiwa na akiba yangu ya chama, nikauziwa cherehani ya kompyuta yenye aina za mishono zaidi ya mia mbili. Mauaridi, bata, herufi, vyote vimo. Niliomba kuijaribu kwa kitambaa changu cha tabaka tatu, wakaniambia boksi likifunguliwa nimenunua. Nilinunua. Katika mishono ile yote, kwa mfarishi nilihitaji mmoja tu, ulionyooka. Nafasi chini ya mkono ilikuwa ileile ya sentimita 16 na kidogo, na mashine nyepesi kiasi kwamba nikivuta mfarishi, nayo inanifuata mezani. Nilikaa nayo miezi mitano, kisha nikaiuza kwa dada anayeshona nguo za watoto, na yeye inamfaa sana kwa sababu anatumia matundu ya vifungo na zigizagi kila siku. Mashine haikuwa na ubaya. Ilikuwa ya kazi nyingine.

Wenzangu wa kazi walinishauri nichukue ya kiwandani ya mtumba. Juki DDL-8700, wengi wenu mnaijua, imejaa kwenye vibanda vya washonaji nchi nzima, na imeundwa kufika mishono 5,500 kwa dakika. Kwa sare haina mpinzani. Kwa mfarishi kuna mambo mawili. Nyingi za aina hiyo hazina kitufe cha kushusha meno, itabidi uyafungue au uyafunike. Na zile za zamani zina mota ya klachi, inayonguruma muda wote hata kama hushoni, na ukigusa pedali inaruka. Ukiwa tayari nayo, nunua mota ya servo uibadilishe. Hiyo huzunguka unapokanyaga tu, hula stima kidogo, na unaweza kuipangia mwendo wa polepole. Mimi nashona usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo sikuendelea na wazo hilo.

Kisha nikabahatika. Mama mmoja anayeishi karibu na Njoro, mpenzi wa mifarishi, alikuwa ameleta mashine ya kudarizi kutoka nje, HQ Sweet Sixteen ya kampuni ya Handi Quilter ya Marekani. Aliniruhusu kukaa nayo alasiri mbili, nami nilipanda matatu nikiwa nimebeba mfarishi wangu kwenye gunia.

Hii ni jamii nyingine kabisa ya mashine. Cherehani ya kawaida unaiketia kiubavu, mkono wake ukienda kulia kwako. Hii inakutazama uso kwa uso: sindano iko mbele ya kifua, na mkono unakwenda mbele mbali nawe. Kutoka sindano hadi nguzo kuna inchi 16, karibu sentimita 40. Mfarishi unalala kushoto na kulia juu ya meza pana, na hakuna kitu kinachoukaba. Bobini ni kubwa, hivyo husimami mara kwa mara kubadilisha. Nilidarizi maua makubwa ya shada, yale ambayo kwenye cherehani yangu nilikuwa lazima niyakate vipande viwili, na niliyachora kwa pumzi moja. Nilihisi kama mtu aliyetolewa jikoni finyu akapewa uwanja. Waswisi wa Bernina nao wana zao za jamii hii, Q16 na Q20, na namba hizo ndizo inchi za nafasi. Q20 hufika mishono 2,200 kwa dakika.

Mbona basi sikununua mojawapo? Bei ni sababu, sitaficha, maana kwa hela hizo ningeweza kuweka paa. Lakini sababu iliyoamua ni nyingine, na watu wengi hawaijui mpaka wamelipa: mashine hizi hazina meno kabisa. Hazivuti kitambaa. Kazi yake ni kudarizi tu. Huwezi kuunganisha vipande juu yake, huwezi kushona ukingo wa mfarishi, huwezi kukunja pindo la pazia. Utahitaji cherehani ya pili kando, na chumba cha kuziweka zote mbili. Yule mama ana chumba. Mimi nina sebule yenye makochi, na kona moja karibu na dirisha. Kama una nafasi na oda za mifarishi mikubwa kila mwezi, mashine ya namna ile italipa. Na usiichanganye na zile za kusimama, ambazo mfarishi hutandazwa kwenye fremu na mashine ndiyo inayotembea juu ya reli. Hizo zinataka ukumbi.

Nilirudi nyumbani na futi yangu ya kushonea, nikaanza kutafuta kitu cha katikati: cherehani yenye meno yanayoshuka, mshono ulionyooka, mwili mzito, na mkono mrefu kuliko wa kawaida. Ndipo nikafika kwa Juki TL-2010Q. Niliinunua mwaka 2023 kupitia duka la Nairobi, kwa mkopo wa sako, na hadi inafika mlangoni kwangu ilikuwa imenigharimu Sh170,000 na kitu.

Nimesema inafika mlangoni, lakini kabla ya hapo niliwapigia simu mara mbili kuhakikisha jambo moja. Mashine za soko la Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, sisi tuko kwenye volti 240. Ukiichomeka hivihivi, umeiunguza. Kuna watu huletewa mashine nzuri na ndugu walio ng'ambo, halafu inabidi watafute transfoma. Soma ile bamba ndogo karibu na tundu la waya. Ikiwa imeandikwa 220–240, lipa. Yangu iliandikwa hivyo.

Sasa mashine yenyewe. Mwili ni wa alumini, uzito kama kilo 11 na nusu, haitembei mezani hata nikivuta mfarishi wa kitanda kikubwa. Kutoka sindano hadi nguzo kuna karibu sentimita 22. Sentimita sita zaidi ya ile ya kwanza zinaonekana kidogo ukizisoma, lakini nusu ya mfarishi wangu, sentimita 110 za vitambaa na pamba, hupita pale bila kupigana. Inashona mshono ulionyooka tu. Hakuna zigizagi, hakuna tundu la kifungo. Sindano inapigwa kutoka mahali pamoja daima, na mshono wake unanyooka kama uliopigwa rula. Unapounganisha vipande vya inchi mbili, hilo unaliona.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kile kitelezi kidogo cha kasi kilicho mbele. Naomba nikieleze vizuri kwa sababu ndicho kilichonifundisha kudarizi. Mashine hii hufika mishono 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa kila sekunde. Meno yakiwa yameshuka, hakuna kinachopima urefu wa mshono isipokuwa mikono yako. Ili mishono iwe na urefu wa milimita mbili na nusu kwa kasi hiyo, mikono inatakiwa isukume mfarishi zaidi ya sentimita sita kila sekunde, kwenye kona na kwenye duara vilevile. Mimi siwezi. Nikishusha kitelezi hadi kama mishono 650, mikono inahitaji sentimita mbili na robo tatu hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayepaka mafuta mgongoni mwa mtoto. Hapo nakanyaga pedali hadi chini na kuisahau. Mashine haizidi nilipoiwekea. Mguu hauna tena kazi ya kufikiri, na akili yote inabaki mikononi. Kwa wiki tatu nilidarizi kila jioni kwenye vitambaa vya kutupa, na siku moja nilipogeuza nyuma nikakuta mishono imelingana kama punje za mahindi. Nilimwita mume wangu aje aone.

Kuna mashine zenye jicho linalosoma mwendo wa kitambaa na kujirekebishia kasi zenyewe. Bernina wanayo. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Kitelezi kinadai mazoezi, lakini mazoezi hayo yanabaki kwako hata ukishonea cherehani ya jirani.

Mguu wa mashine, ule unaobana kitambaa, huinuliwa kwa goti, jambo ambalo sisi tuliotoka kwenye za kiwandani tunalihesabu kama haki yetu. Mikono haiachi mfarishi. Uzi unakatwa kwa kisigino cha pedali, au kwa kitufe. Sindano ni zile za cherehani za nyumbani, HAx1, zinazopatikana kila duka la vifaa vya ushonaji kuanzia hapa hadi Kisumu. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mashine unayoagizia sindano ng'ambo itakusimamisha siku mteja anasubiri.

Lakini mashine hii ikiwa juu ya meza ya kawaida ni nusu ya mashine. Inakuja na kibao cha kuiongezea upana, na kwa mito na vitambaa vya meza kibao hicho kinatosha. Kwa mfarishi wa kitanda, uzito huning'inia ukingoni, na kila unaposukuma unakuwa unanyanyua. Mabega yanalia tena. Dawa yake ni meza iliyokatwa tundu, mashine izame humo mpaka kitako chake kilingane na uso wa meza. Meza za namna hii zinauzwa ng'ambo, lakini mimi nilimwendea fundi wa mbao hapa Lanet. Nilimchorea ukubwa wa kitako kwenye katoni na kumpelekea katoni badala ya vipimo, maana pembe za mashine zina mviringo ambao rula haiusemi. Alitumia saiprasi kwa miguu na plaiwudi juu, akaifunika kwa fomaika nyeupe. Mashine imekaa juu ya rafu ndogo inayoshikwa na boliti nne, unazipandisha au kuzishusha kwa spana hadi usawa ulingane. Tulichukua karibu saa nzima kusawazisha. Nilipitisha ukucha kutoka mezani hadi kwenye kitako cha mashine, na pale ulipokwama tulizungusha boliti tena.

Urefu wa meza nilimwambia apime kwa mwili wangu: nimeketi, mabega yameshuka, viwiko vimekunjwa pembe mraba, na uso wa meza uwe chini kidogo ya viwiko. Kwangu ilikuwa sentimita 69. Wewe usichukue namba yangu. Upande wa kushoto meza ina mita moja nzima, na nyuma imeegemea ukuta ili mfarishi usianguke. Fomaika ninaipaka nta ya fanicha mara moja kwa mwezi na kuifuta sana, ili mfarishi uteleze. Meza ile iligharimu Sh9,500, na nikiambiwa nichague kati ya meza hiyo na mashine ya bei maradufu kwenye meza ya chakula, nitachukua meza.

Glavu nazo. Mikono mitupu inateleza juu ya kitambaa, na wewe unajibu kwa kukaza vidole, na vidole vikikaza mabega yanakaza. Glavu za mjengo, zile nyeupe zenye vidoti vya mpira kiganjani, zinauzwa kwenye hadiwea yoyote. Nakata ncha ya kidole gumba na cha shahada ili niweze kushika uzi. Hazijanishinda mpaka sasa.

Kuhusu uzi na pamba. Si vitenge vyote vilivyo pamba tupu. Chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti: ikinuka kama karatasi iliyoungua na kubaki jivu, ni pamba, ikiyeyuka ikawa kishanga kigumu, ni poliesta. Sikatai poliesta, ila sivichanganyi kwenye mfarishi mmoja kwa sababu haviitikii pasi kwa namna moja. Pamba ya ndani nanunua ile ya poliesta inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya makochi, iliyo nyembamba. Ile nene hupandisha mfarishi ukawa kama mto, na nafasi ya sentimita 22 inageuka kuwa 16 tena. Mteja akitaka kizito, natumia shuka zito la flaneli la mtumba lililokwisha kufuliwa likarudi kiasi chake. Linadarizika vizuri kuliko kitu chochote, na halivimbi.

Sindano natumia namba 90/14, na kwa flaneli 100/16, nabadilisha kabla ya kila mfarishi mpya bila kungoja ianze kutoboa vibaya. Mkazo wa uzi ulinisumbua mwanzoni. Ukigeuza nyuma ya mfarishi ukaona kwenye kona nyuzi za juu zimejitokeza kama kope za jicho, basi ama uzi wa juu umelegea, ama mikono inakimbia mno kwenye kona. Kwangu mara nyingi ni mikono. Kwa upande wa chini, kasha la bobini la mashine hii linatoka, na hilo linakupa kipimo ambacho mafundi wa zamani wanakijua: lishike likining'inia kwa uzi wake, litikise kidogo. Likishuka vidole viwili au vitatu likasimama, uko sawa. Likianguka hadi chini, kaza skrubu robo ya robo ya mzunguko. Lisiposhuka kabisa, legeza.

Bobini ni ya ukubwa wa kawaida, kwa hiyo kwa mfarishi wa tano kwa sita najaza bobini kumi na mbili kabla sijaketi, nazipanga kwenye kisahani. Kusimama katikati ya ua kutafuta uzi kunaharibu mwendo wa mkono.

Je, sentimita 22 zinatosha? Kwa kitanda cha tano kwa sita, ndiyo, ukiwa na utaratibu. Siukunji mfarishi kama mkeka, maana mkunjo mgumu haupindiki. Naurundika tu kama leso iliyotupwa kitandani, nikitandaza sawasawa pale penye upana wa viganja viwili mbele ya sindano. Naanza katikati kabisa, wakati mikono haijachoka, natoka kuelekea pembeni, na nikimaliza robo moja naugeuza wote. Sehemu ngumu inakuwa ya kwanza. Kwa kitanda cha sita kwa sita inawezekana, nimeshona miwili, ila ilinichukua karibu mara mbili ya muda, na michoro lazima iwe midogo. Yale maua makubwa ya Njoro siwezi kuyachora hapa kwa pumzi moja. Anayetaka hayo ajue tangu mwanzo kwamba anataka inchi 16 au zaidi.

Stima ikipotea, kazi imesimama. Nimeichomekea frijigadi, kile kidude cha friji kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu, kwa sababu ndani ya mashine kuna bodi, na umeme ukirudi kwa kishindo bodi ndiyo huumia. Zikisikika radi za Aprili kutoka upande wa Menengai, nachomoa kabisa. Wakati huo naenda kwenye cherehani yangu ya Butterfly ya miguu, ile ya zamani, nikaunganisha vipande vya mfarishi unaofuata. Sijaiuza na sitaiuza.

Matunzo si mengi. Kila bobini mbili nafuta vumbi la pamba kwenye shato, pale bobini inapokaa, kwa brashi ndogo, natia tone moja la mafuta pale kitabu kinapoonyesha, na kila mfarishi ukiisha nafungua kibao cha sindano kuondoa manyoya yaliyojazana kati ya meno. Kwa mifarishi kumi na mmoja sijaipeleka kwa fundi.

Mwezi uliopita dadangu wa Kakamega alinipigia. Amepata hamu ya kudarizi na alikuwa tayari kuchukua mkopo anunue kama yangu. Nikamuuliza, "Unamshonea nani?" Akasema watoto wachanga, zawadi za kuwaona kina mama waliojifungua. Nikamwambia atandaze shuka la mtoto apime. Sentimita 90 kwa 110. Nusu ya 90 ni 45, na hiyo ikirundikwa inapita chini ya mkono wa Butterfly yake bila shida. Nikamwambia aache mkopo, atafute fundi wa mbao amwongezee meza upande wa kushoto, nami nikamtumia kwa matatu mguu wa kudarizi, glavu pea mbili na sindano za 90/14. Jumapili alinitumia picha za mfarishi wake wa kwanza, mbele na nyuma. Kwenye kona kuna kope. Nimemwambia apunguze mwendo wa mikono anapogeuka, uzi asiuguse kwanza.